Nguo za Jumamosi

Nicole aliambiwa amuulize mama yake kama anakula udongo.

Alikuwa darasa la nne, na hapo sebuleni hakuna aliyemzidi Kiingereza isipokuwa mgeni mwenyewe. Mgeni alikuwa nesi wa kliniki, mwanamke mpole aitwaye Nilofar, aliyekaa ukingoni mwa kochi na soksi zilizolowa theluji kwa sababu viatu aliviacha mlangoni bila kuambiwa. Nicole aliangalia zulia.

"Mama, anauliza kama unakulaka udongo."

Spéciose, ambaye mimba ilikuwa imeanza kumfanya akae kwa kuegemea nyuma, alimtazama mumewe. Mumewe Josaphat, shemasi wa kanisa, mtu wa maneno mengi kila Jumapili, alikuwa anaitazama televisheni iliyozimwa.

"Mwambie ni pemba," Spéciose alisema. "Si udongo wa kukanyaga. Ni wa dukani, umekaushwa, unauzwa. Kwetu kila mwanamke mwenye mimba anakulaka."

Nicole alitafsiri kwa sauti ya chini sana, na sauti hiyo ilimuuma mama yake kuliko swali lenyewe. Mtoto alikuwa anaona haya. Alikuwa kama anamwomba mgeni radhi kwa ajili ya mama yake.

Nilofar hakucheka wala hakukunja uso. Alieleza polepole, akingoja kila kipande kitafsiriwe. Kliniki walikuwa wameona Spéciose hana damu ya kutosha, wakaipima zaidi, na ndani yake wamekuta plombi. Ndivyo Wakongo wanavyoyaita madini ya risasi, yale mazito ya kijivu, na Nicole alilijua neno hilo kwa sababu linafanana na la Kifaransa cha shuleni. Plombi ikiingia mwilini mwa mama inampita na kumfikia mtoto aliye tumboni, na huko inaharibu akili kabla haijaumbika vizuri. Bado kuna muda. Chanzo kikiondolewa sasa, namba itashuka kabla ya kujifungua. Chanzo chenyewe, kwa jinsi walivyowahi kuona kwa wanawake wengine, huenda ni huo udongo.

Spéciose alikwenda jikoni akarudi na kimfuko chake cha pemba. Nilofar alikitia ndani ya mfuko mwingine safi, akaufunga, akauliza kimenunuliwa wapi. Spéciose hakutaka kumtaja mtu. Lakini Nicole hakuwa amefundishwa maneno gani hayatafsiriwi, akasema kwa Kiingereza kwamba ni kwa Goretti, duka la pale chini Weston Road, lenye picha ya samaki.

Josaphat bado alikuwa kwenye televisheni yake. Tangu neno plombi litajwe, mikono alikuwa ameificha katikati ya magoti. Jumamosi iliyopita mikono hiyo ilikuwa imeshika plombi tangu asubuhi hadi jua kuzama.

* * *

Kila Jumamosi Josaphat alimwambia mkewe anakwenda kubeba sementi kwenye mradi wa treni ya Eglinton. Ilikuwa uongo unaosadikika, maana jirani mmoja kati ya watatu pale mtaani Mount Dennis, Toronto, alikuwa anabeba kitu fulani kwa ajili ya treni hiyo, na vumbi la kijivu ni vumbi la kijivu. Ukweli ni kwamba alikuwa akipanda basi kwenda kaskazini, nje ya mji, kwenye klabu ya kulenga shabaha.

Huko kulikuwa na ukumbi mrefu. Watu walisimama upande huu na bastola, na upande ule kulikuwa na karatasi zenye duara, na nyuma ya karatasi kilima cha mchanga. Mchanga ulikuwa umejaa risasi zilizopondeka. Josaphat aliuchota kwa koleo, akauchekecha, akajaza ndoo zile plombi zilizobaki. Ukiiona ndoo ilivyo ndogo utadhani mtoto ataibeba, lakini Josaphat, mwanaume wa Uvira kule Kongo aliyewahi kushusha malori, alizisogeza moja moja huku akiguna.

Ndoo hizo zilikwenda North York, kwenye garaji la mzee Jamaludin. Mzee huyu alizaliwa Bukoba, ambako baba yake aliuza vitambaa, na ijapokuwa alikuwa ameishi Toronto muda mrefu kuliko alivyoishi kwao, Kiswahili chake kilikuwa hakijapata baridi. Alikuwa mstaafu, mwanachama wa klabu, mwenye kibali na karatasi zote, na hakutaka kununua risasi za kiwandani. Alizisubu mwenyewe. Aliiyeyusha plombi ndani ya sufuria nzito ya chuma, akaengua taka zilizoelea, kisha akachota kwa upawa na kumimina kwenye kalibu. Alipoigonga ile kalibu kwa kijiti cha mti, risasi mpya zilianguka juu ya taulo zikiwa zinang'aa. Josaphat alipenda kuziangalia zikianguka, na jambo hilo hakuwahi kulikiri hata kwenye maombi.

"Bwana, barakoa inavaliwa puani," Jamaludin alikuwa akimwambia. "Wewe umeivalisha kidevu. Na hizo nguo usirudi nazo nyumbani, nilishakwambia."

"Ndiyo, mzee."

Alisema ndiyo na akarudi nazo. Afanyeje? Spéciose alizijua nguo zake zote kwa vifungo vyake. Akikosa suruali moja tu ataiulizia, na swali hilo litaleta jingine, hadi wafike kwenye bastola. Kaka yake Spéciose, Josué, aliuawa kwa risasi mlangoni mwao Uvira, na siku waliyopata ufunguo wa nyumba hii ya Weston Road, Spéciose alisimama katikati ya sebule tupu akasema hapa hakitaingia kitu chochote cha bunduki, hata cha mtoto cha plastiki. Josaphat akaitikia amina. Halafu mimba ikaja, chumba kimoja kikawa hakitoshi, na mtu wa kanisani aliyefanya usafi kwenye klabu ile akamwambia wanatafuta mwenye mgongo.

Kwa hiyo nguo zilirudi. Na Spéciose, ambaye hakuiamini mashine ya kufulia ya chini ya jengo ambamo kila mtu alitia kila kitu, alizifua kwa mikono kila Jumamosi jioni. Kwanza alizipeleka kwenye baraza ya nje akazikung'uta kwa nguvu mpaka zikalia, vumbi likimrudia usoni na likiingia ndani kupitia mlango. Nicole mara nyingi alikuwa hapo mlangoni, ameshika beseni. Hivyo ndivyo Spéciose alivyolelewa kumheshimu mume anayetoka kazini, na hakuna siku aliyolalamika.

* * *

Watu wa ukaguzi wa afya walifika dukani kwa Goretti siku ya watu wengi, wakati foleni ya ndagala, yaani dagaa, na sombe ya majani ya muhogo ilikuwa imefika mlangoni. Walikuwa na adabu. Walichukua pemba yote wakaitia kwenye sanduku, wakabandika tangazo kwenye kioo, wakaenda zao. Adabu haikusaidia. Kabla ya jioni kila Mrundi na kila Mkongo kuanzia Weston hadi Parkdale alikuwa amesikia kwamba Goretti anauza sumu, na kufikia katikati ya wiki sumu hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye unga wa muhogo na mafuta ya mawese.

Goretti alikuwa mjane wa Bujumbura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita feri, aliyewahi kuwakopesha wote hao wasengenyaji bila kuandika popote. Alibaki nyuma ya meza yake katika duka lisilo na mtu. Spéciose alipopita kwa basi alimwona kupitia kioo, amekaa, na hakuwahi kumwona Goretti akiwa amekaa.

Yeye mwenyewe hakuachwa. Kanisani wanawake walilitazama tumbo lake kama watu wanaotazama ajali. Mama Pulchérie, mke wa mchungaji, alimwita mbele baada ya ibada, akamwekea mikono kichwani, akamkemea pepo wa udongo kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Spéciose alisimama macho wazi. Josaphat, katika suti yake ya shemasi, alishikilia sahani ya sadaka karibu na mlango na akakosa pa kuweka macho.

"Pepo atoke," Mama Pulchérie alisema.

"Udongo niliuachaka siku ile ile nesi aliponiambia," Spéciose alisema. "Huyo pepo ulimchelewa, Mama Pasteur."

Waliokuwa karibu waliguna. Haikuwa heshima, lakini alikuwa amechoka, na miguu ilimvimba.

Alikuwa ameuacha kweli. Usiku mate yalimjaa kwa hamu na akanywa maji. Wiki zilipita, akaenda kliniki akatolewa damu tena, na safari hii Nilofar akaomba wampime na Nicole, kwa uangalifu tu.

* * *

Nilofar alirudi Jumamosi jioni. Theluji ilikuwa imeyeyuka barabarani, na tumbo la Spéciose sasa lilimlazimu kusimama kwa kushika kitu. Nicole aliketi kwenye nafasi yake ya ukalimani.

"Anasema ya kwako imepanda," Nicole alisema.

"Imepanda? Nimeacha pemba. Mwambie nimeacha, asifikiri namdanganya."

"Anasema anakuamini." Nicole alisikiliza tena, kisha akakunja uso. "Anasema na mimi ninayo. Si nyingi kama yako. Lakini ninayo."

Spéciose alikaa chini. Mtoto huyu hajawahi kugusa pemba. Mtoto huyu aliitazama pemba kwa jicho lile lile alilowatazamia mende, na siku moja aliitupa kwenye pipa kwa makusudi akadhani hakuonekana.

"Basi si udongo," Spéciose alisema. "Muulize. Nicole hali udongo. Kwa hiyo si udongo."

Nilofar alikubali haraka kuliko walivyotazamia. Alisema ndiyo sababu ya kuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Udongo wa dukani ulikuwa umepimwa pia. Ulikuwa na plombi kidogo, na mwenye mimba afadhali asiule, lakini kidogo hicho kisingeweza kuipandisha damu ya mtu kiasi hiki. Kuna kitu ndani ya nyumba hii kinachowagusa wote wawili. Je, rangi za zamani zinabanduka? Hapana. Je, kuna sufuria za kutoka nje? Spéciose alizileta zote, zikatazamwa.

Hapo mlango ukafunguliwa na Josaphat akaingia, koti la kazi mwilini, nywele zina unga wa kijivu. Aliiona ile jozi ya viatu vya kike mlangoni, akasimama hapo hapo.

Nilofar aliuliza jambo. Nicole akaligeuza. "Baba, anauliza unafanya kazi gani Jumamosi."

Huu ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Josaphat aliuona.

"Sementi," alisema.

Nilofar aliziangalia zile nguo muda mrefu kidogo. Alisema kuna kazi ambazo plombi yake hurudi nyumbani na mavazi, na kwamba angependa baba naye apimwe Jumatatu. Akavaa viatu vyake, akamshika Spéciose mkono, akaondoka.

Spéciose alijishika kiuno, akainuka.

"Vua," akasema, kama kila Jumamosi. "Nikung'ute kabla vumbi halijaingia kwenye zulia."

Alivua koti, akavua shati, akavua suruali, akabaki amesimama mlangoni na kaptula na soksi. Spéciose alizikusanya zote, akaziegemeza juu ya tumbo lake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuziegemeza, akafungua mlango wa baraza. Alilishika koti kwenye mabega, akaliinua.

"Weka chini," Josaphat alisema.

"Nini?"

"Weka chini, Mama Nicole. Ni plombi. Iko kwenye nguo. Ni mimi ninayeileta."

Koti lilibaki juu. Josaphat alitembea na soksi zake hadi pale, akalichukua mikononi mwake taratibu, akaokota na zile nyingine, akazitia ndani ya mfuko wa taka na kuufunga fundo. Kisha akasema yote, akiwa amesimama na kaptula katika baridi ya mlango ulio wazi. Klabu. Mchanga. Mzee wa North York na kalibu yake. Hakujitetea, au alijaribu mara moja tu.

"Niliogopa ungesema nisiende."

"Ningesema usiende. Ndiyo maana hukuniuliza." Spéciose alikuwa ameshikilia ukingo wa mlango. "Waliponiwekea mikono kichwani kanisani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Wakasema Goretti ni mchawi wa sumu, ukasikia?"

"Nilisikia."

"Na nesi amekuuliza sasa hivi, kwa mdomo wa mtoto wako."

Josaphat aliinamisha kichwa.

"Josué tulimzika na risasi ndani ya mwili," Spéciose alisema. "Hapakuwa na daktari wa kuzitoa. Nimevuka nchi ngapi kuzikimbia. Wewe unanivalia unaniletea, mimi nakung'uta."

Hakulia. Josaphat angependa alie, maana angalau angejua la kufanya. Aliyesema ni Nicole, aliyekuwa bado kwenye kochi na ambaye wote wawili walikuwa wamemsahau. Tangu aanze shule, isipokuwa anapotafsiri, alikuwa akiwajibu kwa Kiingereza, waseme nini. Sasa alisema kwa Kiswahili, kila neno mahali pake.

"Baba, ungesema tu."

Hapo ndipo Josaphat alipokaa chini sakafuni na kulia yeye.

* * *

Kesho yake baada ya ibada Spéciose alitaka apelekwe North York. Alitaka aone kwa macho. Walipanda mabasi, Nicole katikati yao.

Mzee Jamaludin alikuwa garajini. Alipomwona Josaphat na mwanamke mwenye mimba kubwa kwenye njia ya magari, alizima moto haraka akatoka nje akifuta mikono. Mkewe, Bi Parin, alichungulia dirishani, akatoka naye akiwa na shali begani.

"Usiingie humo, mama," Jamaludin alisema. "Kwa hali yako, usisogee."

"Siingii, mzee. Nimekuja kuuliza. Hizo risasi zinakwenda wapi?"

"Kwenye karatasi."

"Karatasi tu?"

"Karatasi tu. Tunapiga karatasi, zinaingia mchangani. Josaphat anazichekecha, ananiletea. Nazisubu tena, tunapiga tena karatasi."

Spéciose alilifikiria jambo hili. "Zile zile?"

"Zile zile."

"Miaka mingapi?"

Jamaludin alikohoa kidogo. "Mingi."

Hapo Spéciose alicheka. Hakukusudia. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni kabisa, kikamlazimu ashike gari la mzee. Watu wazima, na vibali vyao, wanapiga karatasi, wanaokota, wanayeyusha, wanapiga karatasi tena. Kwa ajili ya hilo Goretti amekaa peke yake dukani. Bi Parin naye alianza kucheka, kisha akaacha ghafla, maana alikuwa amepata habari kamili kutoka kwa Nicole, ambaye alikuwa amezoea sasa kueleza mambo kwa watu wazima.

"Wewe," Bi Parin alimgeukia mumewe. "Nguo zako unavua garajini. Unaoga kule chini kabla hujanikaribia, na mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo. Huyu ulimpa wapi pa kuoga?"

"Nilimwambia asirudi nazo."

"Ulimwambia. Arudi na nini, uchi, na basi, na baridi hii?"

Jamaludin aliitazama sufuria yake kupitia mlango wa garaji.

"Nimekosa," alisema, na alimwambia Spéciose, si Josaphat. "Nilijilinda mwenyewe nikadhani kusema kunatosha. Kesho nakwenda klabu. Pale atawekwa mtu mwenye vifaa, na bafu, na nguo za kubaki huko huko, au mimi na wenzangu hatulipi ada."

"Akiwekwa, si huyu," Spéciose alisema.

"Si huyu, mama."

Walirudishwa nyumbani kwa gari, na Bi Parin aliwatolea bakuli la kachori. Spéciose alizila zote kabla ya kufika Mount Dennis na hakumpa mtu.

* * *

Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa kukodi juu ya duka la matairi, na kila Jumapili kulikuwa na wakati wa ushuhuda. Watu walisimama kushukuru kwa makaratasi yaliyotoka, gari lililopatikana, mtoto aliyefaulu. Hakuna aliyewahi kusimama kushuhudia aibu. Jumapili iliyofuata Goretti alikuwepo, ameketi karibu na mlango katika koti lake, tayari kuondoka. Yeye ni Mkatoliki na hakuwa na kazi pale, ila Spéciose alikwenda dukani kwake mwenyewe, akanunua sombe mbele ya tangazo lililobandikwa, akamwomba aje.

Josaphat alisimama. Mama Pulchérie alikuwa ameshamtazamia muujiza.

"Haleluya," akasema.

"Sina muujiza, Mama Pasteur," Josaphat alisema. "Nina jambo. Mke wangu ana plombi katika damu. Binti yangu pia. Juzi nimepimwa na mimi, nimewapita wote. Haikutoka kwenye pemba. Haikutoka kwa pepo. Kila Jumamosi ninachekecha risasi kwenye mchanga wa klabu ya bastola, ninarudi na vumbi lake, mke wangu ananifulia. Nilijua tangu siku ya kwanza nesi alipotaja hilo neno. Nikanyamaza mpaka mmemtoa Dada Goretti sokoni. Mmeona sumu kwake. Sumu mlikuwa mnaiita shemasi."

Hakukuwa na haleluya. Mtoto mmoja alidondosha kitu, kikaviringika mbali sana. Mchungaji alianza kusimama ili aligeuze kuwa sala, na Josaphat akamwonyesha kiganja, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaendelea kumwangalia Goretti.

"Nisamehe, Dada. Nitasema hivi kila mahali watakaponiuliza, na wasiponiuliza nitasema."

Goretti alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi Jumamosi huna kazi tena. Njoo dukani ubebe magunia." Akageuka kwa wanawake, na sauti ile ya kuita feri ikarudi mahali pake. "Na ninyi, mkimaliza kuimba, leo nimefungua."

Walimaliza kuimba mapema. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule ukodiwe, ibada iliisha kabla ya saa yake, na foleni ya dukani kwa Goretti ilifika nje hadi kituo cha basi. Mama Pulchérie alikuwa wa nne. Alinunua unga, akanunua mawese, akanunua ndagala ambao hakuwa na haja nao, akalipa kwa mkono wa kulia huku akitazama chini. Jioni dukani hakukuwa na sombe hata moja.

Siku iliyofuata Goretti alibisha mlangoni kwa Spéciose na wanawake sita, ndoo na vitambaa. Nilofar alikuwa ameeleza namna: usifagie, usikung'ute, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe, chukua kingine. Walipangusa kuta, walipangusa baraza, walipangusa kila kijiko. Zulia lilikunjwa likatupwa. Spéciose alikuwa amekalishwa kwenye kiti katikati, amekatazwa kugusa chochote, na kila alipojaribu kuinuka Goretti alimwita mgonjwa. Aliona uchungu kukaa, na aliona raha. Vyote viwili vilimjia pamoja na hakuvitenganisha.

* * *

Mtoto alikuja mwanzo wa kiangazi, wa kike, mzito, mwenye hasira. Wauguzi walimtoboa kisigino wakachukua damu yake, na damu ya wengine wote ikachukuliwa wiki ile ile.

Simu ya Nilofar iliwakuta nyumbani. Nicole ndiye aliyepokea. Spéciose alikuwa kitandani, mtoto kifuani, na alimwona binti yake akisikiliza kwa uso ambao haukusema kitu. Josaphat alitoka jikoni na kusimama. Hakuthubutu kuuliza.

Nicole aliondoa simu sikioni. Hakuangalia chini, na hakunong'ona. Alisema kwa sauti ambayo majirani wa juu waliisikia.

"Mama, imeshuka. Ya kwako, ya kwangu, na ya Baba. Ya mtoto iko chini kabisa. Anasema hiyo si kitu. Anasema umefanya vizuri."

"Mwambie asante," Spéciose alisema. Kisha akasema nipe, akaichukua simu mwenyewe, na kwa Kiingereza alichokuwa nacho, chote, akamshukuru Nilofar mpaka mwenzake akaanza kucheka upande wa pili.

Siku chache baadaye, jioni yenye jua bado, Goretti alikuwa akipanda Weston Road na wanawake wawili baada ya kufunga duka. Nyumba ya Josaphat ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu kidogo tu ya mti wa barabarani. Kwenye baraza shemasi alikuwa amechutama mbele ya beseni, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko, na kamba nzima nyuma yake ilikuwa imejaa vinguo vyeupe vya mtoto mchanga. Wanawake walisimama. Kati yao hakuna aliyewahi kuona mwanaume wa Uvira akifua nguo za mtoto kweupe, mahali ambapo basi linapita.

"Shemasi," Goretti aliita, "unafua?"

"Nafua."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono. Mashine siiamini."

Wale wawili walicheka. Goretti aliweka mfuko wake chini. "Na hizo ni za nani?"

"Za Goretti," Josaphat alisema, akakamua kinguo.

Goretti alimtazama. Alidhani anataniwa, na uso wake ulianza kukaza, maana mwaka ule alikuwa ametaniwa vya kutosha. Ndipo Spéciose alipotokea mlangoni nyuma ya mumewe, na kifurushi begani. Alikigeuza ili uso uonekane.

"Huyu hapa, Dada," alisema. "Tumemwandikisha leo. Goretti."

Goretti aliuacha mfuko wake pale pale njiani, na ndagala wake ndani, akaingia kwenye jengo akapanda ngazi bila kungoja lifti. Walimsikia akihema tangu chini. Alipofika hakuvua viatu. Alinyoosha mikono, akapewa mtoto, akasimama naye katika ule mlango wa baraza akimtazama, machozi yakimshuka hadi kidevuni bila yeye kuyajali. Mtoto akapiga chafya.

Baada ya muda alivuta kamasi, akaigeukia ile kamba, akakishika kinguo kimoja kati ya vidole viwili na kukiangalia kwenye mwanga.

"Baba Nicole," akasema, "hiki hakijatakata. Rudia."

Josaphat akakichukua, akakirudisha kwenye beseni, akarudia.